Fimbo, Mtumishi na Mchungaji: Uhakiki wa Taswira ya Mtawala Asiyeamini katika Biblia ya Kiswahili kwa Upeo wa Wafugaji wa Enguserosambu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Biblia ya Kiswahili, toleo la Union la mwaka 1952, inavyowasawiri watawala wasiomjua Mungu wa Israeli lakini wanaotumiwa naye kutimiza makusudi yake. Taswira tatu zinachunguzwa: fimbo (Ashuru), mtumishi (Nebukadreza) na mchungaji (Koreshi). Kwa kutumia Nadharia ya Upokezi, taswira hizo zinasomwa kwa upeo wa wafugaji wa Enguserosambu, kata ya Wilaya ya Ngorongoro ambako fimbo na uchungaji ni mambo ya kila siku. Hoja kuu ni kwamba matini hazimwondolei mtawala dhima yake kwa sababu tu ametumiwa na Mungu, na kwamba usomaji unaoishia kwa Koreshi peke yake huikata hoja ya manabii katikati.

1.0 Utangulizi

Dai kwamba Mungu huwatumia watawala wasiomwamini ni la kale katika fasihi ya kidini. Katika Afrika Mashariki dai hili limefanya kazi mbili zinazopingana. Limewafariji watawaliwa kwa kuwaambia kwamba aliye juu yao naye ana aliye juu yake. Vilevile limewanyamazisha, kwa kuwa mtu akishaambiwa kwamba mtawala ni chombo cha Mungu, malalamiko yake huanza kuonekana kama ugomvi na Mungu mwenyewe. Chombo hicho hicho kimekuwa dawa na kizibo cha mdomo.

Katika maelezo ya kawaida ya dai hili, mfano unaotangulizwa ni Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu. Mfano huo ni wa kweli, lakini si pekee, na si wa kwanza katika mpangilio wa kitabu cha Isaya. Kabla ya kumfikia Koreshi katika sura ya 44 na 45, msomaji hukutana na Ashuru katika sura ya 10. Huko mtawala anayetumiwa na Mungu anatangaziwa ole katika kauli ile ile inayomwita chombo. Makala haya yanachunguza kinachopotea pale mfano wa pili unaposomwa bila wa kwanza.

Enguserosambu imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kata ya Tarafa ya Loliondo, karibu na mpaka wa Kenya, yenye jamii ya Wamaasai wanaoishi kwa mifugo na kuutunza msitu wa nyanda za juu unaobeba jina hilo hilo. Kwa wasomaji wa mahali hapo, maneno fimbo, gongo na mchungaji hayahitaji tanbihi. Pili, historia ya Wamaasai wa pande zote mbili za mpaka ni historia ya kuhamishwa na watawala. Swali la nani anatumwa na nani, na kwa lengo gani, haliwezi kuwa la darasani tu. Uhakiki huu ni wa matini. Haudai kuripoti maoni ya wakazi, bali unauchukua upeo wao wa kimaisha kama mahali pa kusomea.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya Upokezi, hasa kama ilivyofafanuliwa na Hans Robert Jauss kuanzia mwaka 1967, inashikilia kwamba maana ya matini hupatikana katika kukutana kwa matini na upeo wa matarajio wa msomaji. Upeo huo hujengwa na lugha, desturi na kumbukumbu. Nadharia hii inafaa hapa kwa kuwa Biblia ya Kiswahili yenyewe ni tunda la mikutano ya aina hiyo. Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa Kiislamu. Maneno ambayo Mkristo wa Loliondo huyasoma leo kama yake yalipita kwanza katika vinywa vya watu wa pwani waliokuwa na upeo mwingine kabisa.

Hata hivyo, nadharia hii ina hatari ya kumfanya msomaji awe mfalme juu ya matini. Ili kuikwepa, makala haya yanaanza na mpangilio wa matini, kisha ndipo yanapouliza upeo wa mfugaji unafichua nini ambacho upeo mwingine huenda ukakipita.

3.0 Uchambuzi wa Taswira

3.1 Fimbo inayojisifu

Katika Isaya 10:5, Ashuru anaitwa fimbo, na neno gongo linafuata katika aya hiyo hiyo. Watafsiri wa toleo la Union walitumia jozi hiyo hiyo ya maneno katika Zaburi 23:4, ambako gongo na fimbo ni vyombo vya faraja mikononi mwa mchungaji mwema. Msomaji wa Kiswahili hukutana hivyo na ulinganifu wa kutisha: zana inayomfariji kondoo katika zaburi ndiyo inayompiga katika unabii. Kilichobadilika ni kazi ambayo chombo kimepewa, na juu ya hapo, moyo wa chombo chenyewe.

Hoja ya Isaya inakwenda kwa hatua tatu. Mungu anamtuma Ashuru dhidi ya taifa lililokosa. Kisha nabii anasema kwamba Ashuru mwenyewe hakusudii hivyo, kwani moyoni mwake ana nia ya kuangamiza mataifa mengi. Mwishowe, Mungu akiisha kuitimiza kazi yake katika Sayuni, anageuka na kuyaadhibu majivuno ya mfalme wa Ashuru. Katika aya ya 15 nabii anauliza kwa kejeli kama shoka linaweza kujisifu mbele ya anayelitumia. Fimbo iliyotajwa katika aya ya 5 inarudi hapo, safari hii ikijaribu kumwinua anayeiinua.

Kinaya hiki kinakolea zaidi kwa msomaji anayeijua fimbo. Mfugaji hutembea na fimbo mchana kutwa. Huielekeza, huiegemea, huitumia kuwatenga ndama na mama zao, na mara chache sana hupiga nayo kwa nguvu, kwa sababu mnyama akiumia hasara ni ya boma. Kijana aliyetumwa kuwarudisha ng'ombe waliopotea, kisha akawapiga hadi mmoja akavunjika mguu, hawezi kujitetea kwa wazee kwa kusema kwamba alitumwa. Kutumwa ni jambo moja, na kuvunja mguu ni jambo jingine. Hilo ndilo linalosemwa na Isaya 10. Agizo lilikuwa la Mungu, ukatili ulikuwa wa Ashuru, na kila kimoja kina mwenyewe.

Taswira ya fimbo, kwa hiyo, ina mpaka wake, na nabii mwenyewe anauvuka kwa makusudi. Fimbo halisi haina nia wala haiwezi kuhukumiwa. Isaya anaipa fimbo yake kinywa ili ijisifu, na kwa kujisifu huko ipate kuwajibika. Anayesoma taswira hii kama uthibitisho kwamba mtawala ni chombo tu, kisicho na dhima, amesoma aya ya 5 na kufunga kitabu kabla ya aya ya 12.

3.2 Mtumishi mwenye muda maalumu

Yeremia anakwenda mbali zaidi. Katika sura ya 25, 27 na 43, Nebukadreza wa Babeli anaitwa na Mungu mtumishi. Neno hili ni zito, kwa kuwa hutumika pia kwa Musa na Daudi. Na si jina tu: katika sura ya 27 Yeremia anawaagiza watu wake watie shingo zao katika nira ya Babeli. Hapa mhakiki hana budi kuwa mkweli. Matini hii inaagiza utii kwa mtawala mgeni, na haiwezi kulainishwa ili ipendeze masikio ya leo.

Mambo mawili lakini yanaizunguka. La kwanza ni muda. Katika Yeremia 25 utumishi wa Babeli umewekewa miaka 70, na baada ya hapo mfalme wa Babeli anaadhibiwa kwa uovu wake. Mamlaka yake ni ya mkopo, na tarehe ya kuurejesha imeandikwa katika hati ile ile iliyoutoa. La pili ni hali ya msemaji. Yeremia alipotamka maneno hayo hakuwa mtu wa Nebukadreza, wala hakutajirika kwayo. Alipigwa, akafungwa na kutupwa shimoni na watu wa taifa lake. Aliyesema maneno matamu kwa watawala wa Yerusalemu alikuwa Hanania, katika sura ya 28. Kwa asili yake, basi, fundisho hili lilitamkwa na mtu ambaye lilimgharimu. Linapotamkwa na anayenufaika nalo, maneno yanaweza kuwa yale yale, lakini tendo la usemi limekwisha kuwa jingine.

Kitabu cha Danieli kinaikamilisha picha hii kwa namna ambayo wafugaji wana sababu ya kuielewa upesi. Katika sura ya 4, Nebukadreza anafukuzwa katika jamii ya watu na kula majani kama ng'ombe mpaka atambue kwamba utawala ni wa Mungu. Mfalme aliyewaswaga mataifa kama mifugo anageuzwa kuwa mfugo. Anarudishiwa akili anapoinua macho yake kuelekea mbinguni, yaani anapotambua kwamba naye ana mchungaji.

3.3 Mchungaji asiyemjua aliyemtuma

Koreshi anapata majina mawili makubwa kuliko yote: mchungaji katika Isaya 44:28 na masihi katika Isaya 45:1. Katika sura hiyo ya 45, Mungu anamwambia mara mbili kwamba hakumjua. Matini haimfanyi Koreshi kuwa mwongofu. Historia nayo inaafiki: mcheduara wa udongo uliochimbuliwa Babeli mwaka 1879, ambao sasa uko katika British Museum, unaeleza ushindi wake wa mwaka 539 KK kuwa ni kibali cha Marduki, mungu wa Babeli. Katika Ezra 1, kwa upande mwingine, tangazo lake linamtaja Mungu wa Israeli kwa jina. Huenda Koreshi alizungumza na kila taifa kwa jina la mungu wake. Isaya hahangaiki na hilo, kwa sababu kipimo chake hakiko katika ungamo la mfalme.

Neno mchungaji lina maana mbili katika Kiswahili cha leo: mlisha mifugo na kiongozi wa kanisa aliyewekewa mikono. Msomaji wa mjini huenda akaisikia kwanza maana ya pili, akashangaa mpagani kupewa cheo cha kanisa. Kwa msomaji wa Enguserosambu maana ya kwanza iko karibu zaidi, nayo inafungua mlango mwingine. Anayechunga mara nyingi si mwenye mali. Ni kijana aliyekabidhiwa ng'ombe wa boma asubuhi, na kazi yake hupimwa jioni wanapoingia zizini. Haulizwi sana alikuwa akiwaza nini njiani. Huulizwa kama wote wamerudi.

Hicho ndicho kipimo ambacho matini inamwekea Koreshi. Jina la mchungaji limefungwa katika tendo la kurudisha: watu wanarudi kwao, mji unajengwa, na kwa mujibu wa Ezra 1 hata vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa na Nebukadreza vinahesabiwa na kurejeshwa. Hesabu hiyo ya vyombo ni hesabu ya jioni.

Tukizilinganisha taswira tatu, tofauti moja inajitokeza ambayo haitegemei imani ya mtawala. Fimbo na mtumishi huwatoa watu katika ardhi yao, na mchungaji huwarudisha. Wote watatu hawamjui Mungu anayewatuma, na wote watatu hutimiza kusudi lake. Hata hivyo, wawili wa kwanza wanahukumiwa kwa namna walivyolitimiza, na ni wa tatu tu anayepewa jina la heshima la mlisha kundi. Swali la kumuuliza mtawala si kama ametumwa. Swali ni watu wanaelekea wapi chini ya mkono wake.

4.0 Nani Asiyeamini?

Istilahi yenyewe ya "mtawala asiyeamini" inahitaji kuhojiwa, kwa kuwa katika Afrika Mashariki imebadilika kulingana na aliyeshika kalamu. Krapf alipofika Unguja mwaka 1844, Seyyid Said bin Sultan alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, akiwataka wamtendee wema. Katika masimulizi ya wamisionari, tukio hilo ni la aina ya Koreshi: mtawala asiye Mkristo anaifungulia Injili mlango. Vivyo hivyo kwa Seyyid Barghash, ambaye mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na katika eneo la soko la Unguja likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Masultani hao, hata hivyo, walikuwa Waislamu waliomwamini Mungu mmoja. Kuwaita wasioamini ni kuisema lugha ya upande mmoja.

Upande wa pili unasikika katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Utenzi huu unasimulia jinsi Wajerumani walivyoitwaa pwani na jinsi Abushiri bin Salim na Bwana Heri walivyopambana nao. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa jicho la mtunzi Mwislamu, watawala wasioamini ni wale wageni Wakristo. Swali la kwa nini Mola ameruhusu washinde halikwepeki katika utamaduni wa tenzi, ambao humkabidhi Mungu mwanzo na mwisho wa kila jambo. Krapf na Hemedi wangesoma habari za Farao na kukubaliana kwamba Mungu humtumia mtawala mkaidi. Wasingekubaliana Farao ni nani.

Kutokana na hilo, makala haya yanapendekeza kwamba, katika nchi ambayo Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi hutawala na kutawaliwa pamoja, sifa ya "kutoamini" isichukuliwe kuwa jina la wafuasi wa dini nyingine. Katika Isaya 10 na 45 maana yake ni finyu na kali zaidi: mtawala asiyejua kwamba nguvu alizonazo amekopeshwa. Kwa maana hiyo, hata mtawala anayeswali au kusali kila siku anaweza kuwa Ashuru.

5.0 Matini Hizi katika Upeo wa Enguserosambu

Wamaasai hawakusubiri Biblia ili kutafakari ujio wa watawala wageni. Simulizi zinazohusishwa na Mbatiany, oloiboni mkuu aliyefariki karibu mwaka 1890, zinasema kwamba alitabiri ujio wa watu weupe, na nyingine humhusisha na utabiri wa nyoka wa chuma, yaani reli. Simulizi hizi zina umbo linalokaribiana na unabii wa Biblia, kwa kuwa tukio la kutisha linaondolewa katika mikono ya bahati na kuwekwa katika ujuzi uliotangulia. Ipo tofauti ya msingi, nayo ni lazima ilindwe. Kutabiriwa si kuidhinishwa. Oloiboni aliyeona nyoka anakuja hakusema kwamba nyoka ni mwema.

Baada ya maafa ya sotoka na ndui, wana wawili wa Mbatiany waligawanyika. Olonana alishirikiana na Waingereza, na Sendeyo akabaki upande wa Loita hadi mwaka 1902. Mkataba wa mwaka 1904 uliwapa Wamaasai wa Kenya hifadhi ya kaskazini katika Laikipia, na ule wa mwaka 1911 ukawaondoa huko huko. Shauri lao la kupinga halikufua dafu mahakamani mwaka 1913. Upande wa Tanganyika, mwaka 1958 wazee walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa kwa sheria, pamoja na ahadi ya Gavana kwamba maslahi ya Wamaasai yangelindwa humo. Juni 2022 Serikali iliweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 upande wa Loliondo unaopakana na Serengeti, na wenyeji wakapinga.

Makala haya hayana mamlaka ya kuamua haki ya kila tukio. Yanachoweza kusema ni kwamba jamii yenye kumbukumbu ya aina hii haiwezi kusomewa Koreshi peke yake. Kwa zaidi ya karne moja, iliyemwona mara nyingi ni mtawala anayehamisha. Ikiambiwa kwamba kila mtawala ni chombo cha Mungu, kisha isiambiwe kwamba chombo nacho huhukumiwa, inakuwa imepewa nusu ya Isaya. Na nusu hiyo ndiyo anayoipenda Ashuru.

Imani ya jadi ya Wamaasai inaweza kuwasaidia wafasiri hapa. Enkai hutajwa kwa sura mbili: Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, mwenye neema, na Enkai Nanyokie, mwekundu, mwenye ghadhabu. Mungu anayeshika fimbo katika Isaya na katika zaburi si mgeni kwa anayezijua sura hizi. Lakini ulinganifu usivutwe kupita kiasi. Isaya haishii katika sura mbili za Mungu, bali anaongeza mhusika wa tatu, yaani chombo cha kibinadamu chenye nia yake na chenye hesabu ya kutoa.

6.0 Pingamizi

Pingamizi kubwa linatoka Warumi 13, ambako mwenye mamlaka anaitwa mtumishi wa Mungu na utii kwake unaagizwa. Inaweza kusemwa kwamba usomaji uliotolewa hapa unadhoofisha agizo hilo. Jibu liko katika neno lenyewe. Mtumishi ni jina lile lile alilopewa Nebukadreza, na kwa Yeremia utumishi huo ulikuwa na kikomo na hukumu. Isitoshe, Paulo anaufungamanisha utumishi huo na wema kwa mtawaliwa. Jina linalotaja kazi humbana mwenye jina sawasawa na linavyompa heshima.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Ikiwa Mungu ndiye aliyemtuma Ashuru, hukumu ya baadaye inawafaa nini waliokwisha kupigwa? Methali husema fimbo ya mbali haiui nyoka, na haki ya miaka 70 ijayo iko mbali kwa anayebomolewa boma leo. Biblia haina jibu jepesi. Ina Habakuki, ambaye anaambiwa kwamba Wakaldayo wanaletwa na Mungu, naye, badala ya kunyamaza, anamuuliza Mungu anawezaje kutazama mwovu akimmeza aliye mwadilifu kuliko yeye. Swali hilo halikukemewa. Liliandikwa, likahifadhiwa, na likaitwa unabii. Kulalamika mbele ya Mungu kuhusu chombo cha Mungu, kwa hiyo, ni sehemu ya fundisho lenyewe.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba Biblia ya Kiswahili haina taswira moja ya mtawala asiyeamini anayetumiwa na Mungu. Inazo angalau tatu, na zote hazina budi kusomwa pamoja. Fimbo inafundisha kwamba kutumwa hakuhalalishi ukatili. Mtumishi anafundisha kwamba mamlaka yana muda, na kwamba fundisho hili hupimwa pia kwa hali ya anayelitamka. Mchungaji anafundisha kwamba heshima ya mtawala hutokana na kurudisha kilichotawanywa, hata kama hamjui aliyempa kazi.

Upeo wa wafugaji wa Enguserosambu haukuongeza maana ngeni katika matini. Umeitoa juu maana ambayo msomaji asiyewahi kuchunga angeweza kuipita. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna taswira hizi zinavyohubiriwa kwa Kiswahili na kwa Kimaasai katika Tarafa ya Loliondo, na namna tenzi za pwani zinavyolijibu swali hilo hilo kwa misingi ya Kiislamu. Hadi hapo utakapofanyika, inafaa anayemtaja Koreshi mbele ya watu waliowahi kuhamishwa aanze kwanza na Isaya 10, kisha asubiri jioni ahesabu waliorudi.